TAHARIRI: Kijana, kagua saizi ya karatasi kabla hujaprinti

Ni Alhamisi saa nne usiku. Umepata kibarua cha kudizaini kijitabu cha mazishi, maiti inatoka mochari kesho, na mwenye kazi ameshakutumia pesa kwa M-Pesa. Unafungua programu, unachagua kiolezo kilichokupendeza, unaweka picha ya marehemu, wasifu na ratiba ya ibada. Asubuhi unapeleka faili River Road. Nakala 200 zinatoka zikiwa na ukanda mweupe kando ya picha, na mstari wa mwisho wa kila ukurasa umeliwa. Mwenye mashine anakutazama tu: "Buda, hii si A4."

Wengi wenu mmepitia haya. Tatizo ni kwamba programu nyingi, pamoja na violezo vyake, huanza na karatasi ya Marekani iitwayo Letter. Upana wake ni milimita 216 na urefu 279. A4 tunayotumia Kenya, ofisini, shuleni na kwenye kila saiba, ni milimita 210 kwa 297. Kwenye skrini huoni tofauti. Ukiprinti kwa saizi halisi, upande mmoja unakatwa milimita 6 na mwingine unabaki na milimita 18 tupu. Ukiiambia mashine ibane kazi itoshee, maandishi yanapungua na ule mwanya mweupe bado upo.

A4 ina hesabu yake. Mpango huu wa karatasi ulianzia Ujerumani mwaka 1922, ukawa kiwango cha kimataifa cha ISO 216 mwaka 1975. Ukikunja A4 katikati unapata A5 yenye umbo lile lile. Ndiyo maana vijitabu vya mazishi, harusi na kanisa hutoka vizuri kwenye A4. Letter ukiikunja, umbo linabadilika.

Utasema hili ni jambo dogo. Sawa, lakini nani analipa? Si kampuni iliyounda programu. Ni wewe uliyeanza kazi kwa laptopu ya mtumba na bando la kukopa, unayerudia kuprinti kwa pesa yako mwenyewe. Na ni familia ile, ambayo haiwezi kuahirisha mazishi kwa sababu ya milimita 18. Mteja naye hatajua habari ya Letter. Atasema tu kwamba kazi yako ni ya ovyo, na hatakupigia tena.

Kwa hivyo, rekebisha leo. Kwenye Word, fungua mipangilio ya ukurasa, chagua A4, kisha ubonyeze kitufe cha kuifanya iwe chaguo la kudumu. Google Docs inacho pia. Kwenye Canva, weka mwenyewe milimita 210 kwa 297 kabla ya kuanza kupanga picha. Angalia pia eneo lililowekwa kwenye kompyuta yako: kama bado inasoma Marekani, baadhi ya programu zitaendelea kukupa karatasi ya huko.

Wenye saiba na walimu wa vyuo, hii ni kazi ya dakika chache kwa kila mashine. Msimwachie mwanafunzi aijue siku ya kuprinti CV.

Kampuni nazo hazina kisingizio. Zinajua tuko Kenya pale zinapotaka malipo ya kila mwezi. Basi siku ya kwanza mtu anapofungua programu, zimuulize swali moja tu: unatumia karatasi gani?

Wakati tukisubiri swali hilo, usiagize nakala 200 mara moja. Printi moja, ikunje, ishike mkononi, uisome hadi mstari wa mwisho.