Mzigo wa Kwanza

Wiki hii alitujia kijana mmoja wa hapa Ipuli. Amejifunza kutengeneza tovuti kwa zaidi ya mwaka, lakini hajaomba kazi hata moja, kwa kuwa kila siku huona jambo jingine asilolijua. Atatambuaje kwamba yu tayari?

Tuliwakumbuka wapagazi wa Unyamwezi. Richard Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, aliandika kwamba watoto wa miaka sita au saba walikwisha kubeba pembe ndogo ya ndovu begani. Hatusifu kuwatwisha watoto. Twasema tu juu ya mzigo uliolingana na bega. Hakuna aliyengoja kuijua njia yote hadi pwani ndipo ajitwishe.

Basi tulimwuliza: je, waweza kumtengenezea mama muuza asali ukurasa mmoja, ukaumaliza? Ufunguke katika simu ya bei nafuu, hata mtandao ukisuasua; namba ya simu ikibonyezwa, ipige. HTML na CSS uziandike ukielewa kila mstari, na kitu kikiharibika ujue pa kuanzia kutafuta kosa. Tena uweze kumweleza mama huyo, kwa Kiswahili chepesi, kwa nini umepanga hivyo.

Alikiri kwamba hayo anayaweza. Alilokuwa akiogopa ni kutaja bei. Tukakubaliana aitaje kabla ya kuanza, hata iwe ndogo. Ameahidi kutuletea ukurasa huo Jumapili ijayo, nasi tutaufungua kwa simu yetu hii kuukuu.