Kiti cha Kifalme, Tiketi ya Kufungwa Kamba

Leo programu zinapumzika kidogo, ingawa mtaona hatutoki mbali nazo.

Mwaka jana mteja wangu wa ng'ambo alinikatia tiketi ya daraja la biashara. Mimi niliyezoea kukunja magoti kule nyuma nikajiona waziri. Nikatoka Nakuru mapema, lakini pale Gilgil lori lilikuwa limelala barabarani, na wenye haraka, kama kawaida yetu, wakatanua mpaka pande zote mbili zikafungana. Tulifika Jomo Kenyatta dawati limeshafungwa. Tulichelewa wawili kutoka gari moja. Mwenzangu, abiria wa daraja la kawaida, akahamishiwa ndege ya kesho bila kulipa kitu. Mimi "mheshimiwa" nikaambiwa tiketi imekufa, na safari ya kurudi imekufa nayo. (Shirika silitaji.)

Tofauti ilikuwa herufi moja. Yake ilikuwa Y, yangu Z.

Wengi tunadhani daraja ni kiti. Kiti ni kiti tu. Uhuru uko kwenye herufi. Viti vilevile vya biashara huuzwa kwa herufi kadhaa: J kwa kawaida ni nauli kamili, unabadilisha na kurudishiwa pesa kwa urahisi, C na D hufuata, I na Z mara nyingi ni za bei ya chini zenye masharti makali. Hata hivyo usizikariri kama msahafu, maana kila shirika hujipangia. R zamani ilikuwa ya Concorde, ndege iliyostaafu 2003. Leo British Airways huiuzia viti vya biashara.

Kwa nini herufi moja? Mifumo hii ina mizizi katika Sabre ya American Airlines na IBM, miaka ya 1960, wakati kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali kuliko dhahabu. Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huo: safu ya herufi moja inawekwa, halafu hakuna anayethubutu kuigusa tena. Herufi ni ufunguo tu. Masharti yenyewe yako kwenye jedwali jingine, na katika mfumo wa ATPCO, ambako mashirika huweka nauli zao, habari za faini ziko kipengele cha 16.

Kuna mtego mwingine. "Kubadilisha bila faini" si bure. Kama herufi yako imekwisha kwenye ndege unayoitaka, unalipa tofauti ya nauli, na tofauti hiyo yaweza kupita faini yenyewe.

Kinachoniudhi ni tovuti za kuuza tiketi. Zinatuonyesha picha ya kitanda na glasi ya mvinyo, herufi tunaikuta kwenye risiti baada ya kulipa. Msiniambie ni tatizo la kiufundi! Herufi huja pamoja na bei kutoka kwenye mfumo. Mtu aliamua kutoichapa kwenye ukurasa.

Sisi wa Nakuru, tunaotenganishwa na ndege na zaidi ya kilomita 150 za malori, hatuwezi kununua kwa picha. Bora Y na magoti yaliyokunjwa.

Mteja alinikatia tiketi nyingine. Safari hii, kabla hajalipa, nilimwandikia: nitumie herufi kwanza.