Sindano, Kisiwa na Mlima



Wasomaji wetu wapendwa, juma hili tumeletewa swali na mama mmoja wa Lamu. Yeye hushona kofia za viua kwa mkono, kazi ambayo kofia moja huweza kumchukua wiki nyingi, na katika chumo hilo amejiwekea akiba kidogo kidogo. Nia yake ni kuupanda Mlima Kenya pamoja na mumewe, naye mume ameridhia. Lakini jamaa wanasema mke wa kisiwani hana alichokipoteza mlimani, na kwamba fedha hizo afadhali zisaidie harusi iliyo karibu. Auliza: je, ndoto yake ni israfu?

Tuanze na fedha. Chumo la mwanamke ni mali yake mwenyewe, na matumizi ya nyumba ni juu ya mume. Akiichangia harusi ni hisani yake, na thawabu iko kwa Mwenyezi Mungu. Asipochangia hakumdhulumu mtu. Jamaa wana ruhusa ya kuomba, hawana ruhusa ya kumtahayarisha mpaka atoe.

Ama mlima, si jambo geni kwetu. Sura ya Al-Ghaashiya yatuelekeza kuitazama milima jinsi ilivyosimamishwa. Naye Mtume wetu (s.a.w.), kabla ya wahyi, alikuwa akipanda Jabal Nuur kukaa faraghani katika pango la Hira, kisha akirejea kwa Bi Khadija (r.a.) kuchukua masurufu.

Hata hivyo, jambo kuwa halali hakutoshi. Tukumbuke kisa cha Salman na Abu Dardaa (r.a.). Abu Dardaa alizama katika saumu na kisimamo cha usiku hata akamsahau mkewe. Salman akamkumbusha kuwa Mola, nafsi na watu wa nyumbani wote wana haki zao, na Mtume (s.a.w.) akamsadikisha. Ikiwa ibada za sunna hazikuachwa zile haki za wengine, seuze matembezi? Lakini nafsi nayo imetajwa katika kisa hicho, na kina mama wetu aghlabu ndiyo wanayoisahau.

Basi dada yetu, kwanza maliza kofia ulizokwisha kuagizwa, kwani ahadi ni deni. Pili, nenda kwa mama mkwe wako kwa adabu. Kuwalea watoto wako siku hizo si wajibu wake bali ni ihsani, basi muombe wala usimwamrishe, na uwaache watoto na posho ya kutosha. Ikiwa hana nguvu, ngoja. Akiba haiozi.

Tatu, ujue unakokwenda. Kilele cha Lenana ambacho hupandwa kwa miguu kina mita 4,985. Batian, mita 5,199, ni cha wapandaji wa kamba. Sisi twalala usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi. Kuvipanda vilima vya mchanga vya Shela kutakupa miguu na pumzi, ila hakukuzoezi hewa ile. Dawa yake ni kupanda polepole kwa siku nne au tano, pamoja na kiongozi ajuaye njia. Kichwa kikiuma na moyo ukichafuka, sema mapema. Hali ikizidi, shuka, hata kilele kikiwa mbele ya macho. Mwili ni amana.

Nne, sala husafiri nawe. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya. Ukivaa khofu za kusihi baada ya udhu kamili, zikafunika vifundo vya miguu, waweza kupaka maji juu yake kwa siku tatu na masiku yake, na katika baridi ile hiyo ni rehema kubwa. Uliza mwalimu wako masharti yake kabla ya kuvuka Mokowe.

Nanyi jamaa, tunawaombeni jambo moja: msimwite mbinafsi mwanamke ambaye kwa miaka ameshona kwa taa baada ya kuwalaza wana wenu. Mkiweza, mwambieni aende kwa amani, akirudi awasimulie.

Mwenyezi Mungu atupe uadilifu majumbani mwetu na awarejeshe wasafiri wetu salama. Amin.

Wabillahi tawfiq.