MAFUTA YA HARUNI HAYANA BEI



Leo niseme wazi. Chupa ndogo ya mafuta ya kupikia inabandikwa stika yenye picha ya mtumishi, inaitwa "mafuta ya Haruni", na unaambiwa tuma pesa kwanza kwa M-Pesa. Wauzaji wanasema wanamfuata Musa. Basi tufungue Biblia tuone Musa alifanya nini.

Kutoka 30. Mungu alimpa vipimo: manemane shekeli 500, mdalasini 250, kane 250, kida 500, na hini moja ya mafuta ya zeituni. Yakapakwa hema, sanduku, meza, kinara, madhabahu na birika, kisha Haruni na wanawe. Halafu Mungu akaweka mpaka: atakayetengeneza mengine mfano wake, au kumpaka mtu asiye kuhani, atakatiliwa mbali na watu wake.

Kwa hiyo wewe unayeuza, kama mafuta yako ni yale ya Haruni kweli, umevunja amri ya Mungu. Kama siyo, unawadanganya kondoo wake. Chagua moja.

Na vile viungo vilitoka wapi? Soma Kutoka 25. Watu walivitoa wenyewe kwa moyo wa kupenda. Hakuna mahali Musa aliwageukia akawauzia walichotoa.

Tena angalia utaratibu wa Walawi 8. Mafuta hayakuja kwanza. Haruni na wanawe walioshwa kwa maji. Haruni akavikwa mavazi matakatifu, ndipo mafuta yakamiminwa kichwani pake. Baadaye kondoo dume akachinjwa, na damu ikatiwa kwenye sikio la kuume, kidole gumba cha mkono wa kuume na kidole kikubwa cha mguu wa kuume. Wakakaa mlangoni pa hema siku 7, usiku na mchana. Leo mtu anataka mafuta peke yake. Kuoshwa hataki. Sikio limtii Mungu, hataki. Kungoja mlangoni hataki. Anataka chupa, na kufikia Jumatatu awe amepata kazi, gari na mume.

Ndugu zangu, Nadabu na Abihu walinyunyiziwa mafuta yale halisi, kwa mkono wa Musa mwenyewe. Walipoleta moto wa kigeni, moto ulitoka kwa Bwana ukawaua. Mafuta hayakuwakinga. Sasa hayo ya stika yatakukinga na nini?

Mtu ataniuliza, "Pasta, na Yakobo 5 je?" Naam, mgonjwa awaite wazee wa kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Hilo tunalifanya na tutaendelea. Lakini Yakobo anaweka uponyaji kwenye maombi ya imani, na Bwana ndiye anayemwinua mgonjwa. Bei hakuitaja kabisa.

Mama, wewe unayepunguza pesa ya unga ili upate chupa, nunua unga. Watoto wale. Kisha njoo tukuombee, hatutakudai hata shilingi. Kuhani wetu Mkuu ni Yesu, na alilipa kwa damu yake mwenyewe. Anayekutoza tena kwa alicholipa Yesu hajatumwa naye.

Kama umeelewa, andika AMINA, kisha mtumie mwenzako aliyetumiwa lile tangazo.