Mwangaza Nao Upimwe

Sote tunajua ubaya wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Lakini hapa Thika, na kwetu Ruiru pia, tunauziwa mwangaza kwenye gunia kila siku, tena tunalipa na kusema asante!

Muhula huu balbu ya chumba ninachosomea iliungua. Mama akanunua nyingine kando ya barabara pale Ruiru, kwa shilingi hamsini. Iliandikwa wati 9, sawa na ile ya kwanza. Muuzaji aliiwasha ikametameta hadi Mama akafumba macho. Kumbe usiku, nilipofungua kitabu, ilinibidi niinamie meza kama fundi wa saa! Mama akasema, "Labda ni macho yako." Nilijua sivyo, ila ushahidi sikuwa nao.

Balbu hizi za LED hazina waya unaopashwa moto kama zile za zamani. Ndani mna vipande vidogo vya fuwele ya semikondakta, yaani kitu kisichopitisha umeme vizuri kama shaba wala kuuzuia kabisa kama mpira. Stima ikipita, elektroni huangukia kwenye nafasi zilizo tupu na kutoa nishati yake kama mwangaza. Mwingereza H. J. Round aliandika kuhusu ajabu hiyo mwaka wa 1907. Mwaka wa 2014, Akasaki, Amano na Nakamura walituzwa Nobel kwa LED ya buluu, iliyotuwezesha kupata taa nyeupe.

Kosa letu ni kununua kwa wati. Wati ni stima ambayo balbu inakula, si mwangaza inaotoa. Mwangaza hupimwa kwa lumeni. Balbu ya zamani ya wati 60 hutoa lumeni kama 700 au 800, na LED nzuri ya wati 9 hutoa karibu kiasi hicho hicho. LED mbovu inaweza kula tokeni zile zile na kutoa nusu.

Basi nikaipeleka balbu yetu shuleni. Mwalimu wa fizikia alitufungia mapazia, tukaiweka mita 2 kutoka kwa balbu nyingine ya wati 9 yenye umbo sawa. Katikati tulisimamisha karatasi nyeupe yenye tone la mafuta ya kupikia. Mwangaza ukilingana pande zote mbili, doa la mafuta halionekani tena. Balbu zingekuwa sawa, doa lingepotea kwenye sentimita 100. Jamani, lilipotea sentimita 80 kutoka kwa yetu na 120 kutoka kwa ile nyingine! Umbali ukiongezeka mara mbili, mwangaza hubaki robo. Kwa hivyo tulizidisha kila umbali kwa wenyewe, tukagawanya 14,400 kwa 6,400, tukapata 2.25. Balbu yetu haikufikia hata nusu ya mwenzake. Kipimo hiki ni cha upande mmoja tu wa balbu, si cha lumeni zote, lakini kilitosha kuyatetea macho yangu.

Wapo watakaosema ati maskini anunue anachomudu. La hasha! Maskini ndiye asiyeweza kupoteza hamsini yake. Mizani ya muuza nyama hukaguliwa na kupigwa mhuri. Hata taa za sola zimepimwa ubora hapa Kenya chini ya mpango wa Lighting Africa ulioanza kazi nchini mwaka wa 2009. Mbona balbu ya mwanafunzi isipimwe?

Naomba mambo mawili. Kila pakiti ya balbu iandikwe lumeni zake, na wakaguzi wahakikishe kuwa ni za kweli. Na sisi wanafunzi tusingoje: karatasi tunazo, mafuta yapo jikoni. Aliye na shaka na balbu ya kwao ailete shuleni tuipime.