Kanzu Alama 18, Uhuru Alama 8

Mtu wa Pwani akifika Sosiot, katika Belgut ya Kericho, jambo la kwanza linalomlaki ni baridi, la pili ni mvua ya alasiri, na la tatu ni ule ukijani wa michai usiokwisha machoni. Mimi nilikutana na la nne. Nilikuwa nimekwenda kumjulia hali mpwa wangu anayesomesha huko. Mvua ikanishika njiani, nikajibanza barazani kwa duka moja, na hapo nikawakuta vijana wanne wameinamia ubao wa Scrabble, kimya kama wachezaji wa bao kete zinapokaribia kumalizika.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, maelezo yake si marefu. Kila mchezaji huchota kete saba mfukoni. Kila kete ina herufi moja na bei yake, naye hutakiwa apange neno la Kiingereza lenye herufi hizo, litakaloenea katika nafasi iliyobaki na kushikana na maneno yaliyokwisha kupangwa. Basi akili yote huwa katika swali moja: ni neno gani la herufi tano ambalo ndani yake mna z na k? Vijana wale walikuwa wakitafuta Kiingereza, wakigombana kwa Kiswahili, na kicheko kikija kinakuja kwa Kikipsigis.

Ugomvi wa siku ile ulitokana na kanzu. Mmoja wao alipanga k, a, n, z, u. Mwenzake akaruka: "Hicho ni Kiswahili, toa!" Mwenye kete akanigeukia mimi, niliyesimama pale na kanzu yangu na koti zito juu yake. "Mzee, wewe ndiye umeivaa. Tuambie ni ya nani."

Nikasema ni yetu. Kumbe nilikuwa karibu kumpokonya kijana wa watu haki yake, maana orodha ya maneno ya Collins, ambayo ndiyo hakimu wa mchezo huu katika sehemu kubwa ya dunia, imekwisha kuliandikisha neno hilo. Simu ikatolewa, likatafutwa, likaonekana. Alama 18: z ni 10, k ni 5, na hizo a, n na u ni moja moja.

Nikaomba tutafute mengine. Kikoi kimo. Askari yumo, bwana yumo, mzee yumo kwa alama 15. Buibui limo pia, na ukitaka wingi unatia s mwisho, ikawa buibuis. Marehemu mama yangu angelisikia hilo angelijifunika uso. Uhuru nao umo, kwa alama 8. Nilicheka kuona kanzu imeushinda uhuru bei, kisha nikajiuliza bei hizi alizipanga nani.

Alizipanga Mmarekani, Alfred Butts, msanifu majengo aliyekosa kazi katika ile dhiki ya uchumi ya miaka ya 1930. Alikaa akahesabu herufi katika kurasa za magazeti, likiwamo The New York Times. Iliyoonekana mara nyingi akaifanya nyingi na rahisi, na iliyokuwa adimu akaifanya chache na ghali. Ndiyo sababu katika kete 100 za kisanduku cha Kiingereza mna e 12, na k moja tu. Huwezi kupanga kaka wala kuku mpaka uwe na kete tupu, ile isiyo na herufi. Hata kikoi, ambacho wamekwisha kukikubali, hakipangiki bila kete hiyo. Q imo, tena kwa alama 10, nasi hatuna kazi nayo. Kwa ufupi, tunapima maneno yetu kwa mizani ya gazeti la New York. Na gazeti hilo hilo, Januari 2022, lilinunua Wordle, ule mchezo wa simu uliotengenezwa na Josh Wardle, wa kubahatisha neno la herufi tano kwa majaribio sita. Wako vijana leo wanaoamka nao kabla ya chai.

Wazazi wengi wanaona fahari. Mtoto, wasema, anajifunza Kiingereza, na Kiingereza ndicho kifungua mlango cha ofisi. Hapa ndipo ninapotofautiana nao. Mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa, naye hazungumzi Kifaransa. Alihifadhi maneno yao kwa muda wa majuma tisa hivi, kama mtu anayehifadhi nambari. Mwaka 2024 akaenda Granada, Hispania, akawafanyia Wahispania vivyo hivyo kwa lugha yao. Ni hodari asiye na mfano. Lakini mpeleke Paris akanunue mkate!

Pale Sosiot nilimwona kijana akipanga zax. Nikamuuliza ni kitu gani. "Sijui, Mzee, lakini ni alama 19." Ni chombo cha kukatia mawe ya kuezekea nyumba, kazi ambayo yeye wala mimi hatujapata kuiona.

Asije mtu akadhani nadharau kuhifadhi. Mimi nimelelewa chuoni. Nilihifadhi juzuu ya Amma nikiwa sijui maana ya aya hata moja, na baraka ya hifadhi ile ninayo hadi leo. Lakini maalim hakupata kuniambia, "Sasa wajua Kiarabu." Aliniambia kuwa nimehifadhi, na kuwa maana itakuja na tafsiri. Na tafsiri ilikuwa darasa jingine, kwa mwalimu mwingine, miaka mingine. Hifadhi iliitwa hifadhi, elimu ikaitwa elimu. Sisi wa leo tumevichanganya: mtoto mwenye maneno mia mawili ya herufi tano kichwani tunamwita mjuzi wa Kiingereza, na yule asiyekuwa nayo, ingawa anaweza kueleza jambo likaeleweka, tunamwita mjinga.

Wanaijeria hawakujidanganya hivyo. Mwaka huo huo wa 2015, kule Perth, Australia, Wellington Jighere alikuwa Mwafrika wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia kwa Kiingereza. Wenzi wake walikuwa wamefanya hesabu wakaona kuwa si lazima mtu akimbilie maneno marefu, ijapokuwa kumaliza kete zote saba kwa mkupuo mmoja huongeza alama 50. Neno la herufi tano, likiwekwa mahali pake, humfungia mpinzani njia na kumwachia mwenyewe kete nzuri. Ni werevu wa vita, nao wenyewe waliuita hivyo: mbinu.

Nami nisiwaonee wale vijana. Mmoja wao, mkimya, aliniambia kuwa majina ya miji hayaruhusiwi ubaoni, lakini yeye alikwisha kuzichezea herufi za Sosiot akapata soots, yaani masizi. Wenzake wakacheka sana. Ikabidi nielezwe: sosiot ni kijiti cha kusugulia kibuyu cha mursik, na mursik ni maziwa yatiwayo katika kibuyu kilichopakwa unga wa makaa. Kwa hiyo masizi yalikuwa ndani ya sosiot tangu zamani. Hapo ndipo nilipoona macho yao yanang'aa, maana herufi na maana zilikuwa zimekutana.

Ndilo jambo ambalo mtunzi wa Pwani hulitafuta usiku na mchana. Tangu zama za Muyaka bin Haji na washindani wake kule Mombasa, sisi tuna mchezo huu. Natafuta neno la mizani tatu, kina chake kiwe ma, na maana yake iwe kumtupia mtu kosa. Nalipata: lawama. Scrabble ina masharti mawili, urefu na herufi. Shairi lina la tatu, maana, na hilo halina msamaha. Tena mizani hazihesabu herufi. Mtu ana herufi tatu, mwezi una tano, na kila mmoja ni mizani mbili.

Basi nikamwomba mwenye duka boksi tupu, tukalikata vipande, nikawaandikia silabi badala ya herufi: ka, ma, la, wa, tu, m, mwe. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni: be kwa fatha ba, be kwa kasra bi, be kwa dhuma bu. Sharti nililoweka ni moja, kuwa asiyeweza kueleza neno lake hapati alama. Wakapanga matatu, wakapanga lawama, wakabishana kama "mtu" ni kete moja au mbili, hata mwenye duka akasahau wateja.

Kisha yule mkimya akauliza: "Mzee, na Sosiot utaiandikaje?"

Nikaweka so, nikaweka si, nikaweka o. Ikabaki t, haina irabu ya kuegemea. Kwa kweli nilikwama. Ndipo nikakumbuka sukuni, ile duara ndogo tuliyoiweka juu ya herufi isiyotamkwa na irabu. Nikaandika t, nikaitia kiduara kichwani.

"Na hii ni alama ngapi?"

Nikasema tuipe 10, kwa kuwa ni moja tu. Wakakataa wote wanne kwa pamoja. Kwao haikuwa adimu hata kidogo. Belgut, wakasema, Bomet, Kapsoit. Mvua ilikuwa imekatika, mpwa wangu alikuwa akiningoja, nao walikuwa wamegeuza lile boksi upande wa pili na kuanza kuhesabu.