Seva ikikataa kuanza, tusikimbilie kufuta

Kwa mkaaji wa Masisi ama Walikale, intaneti si kitu cha kutegemea kila siku. Antena ikikosa mafuta, simu inabaki ya kuangalia saa tu. Ndiyo maana seva ndogo ya nyumbani ina faida kubwa huku kuliko Kinshasa ama Paris. Laptop ya zamani ama mashine ndogo kama Raspberry Pi, pamoja na pano ya jua na batri, inatosha ili wanafunzi wa jirani wasome Wikipedia ya Kiswahili na ya Kifaransa kupitia programu ya Kiwix, bila kununua hata megabaiti moja.

Lakini siku moja kuran inakatika, kisha inarudi, na masomo hayafunguki tena. Taa za mashine zinawaka, ila programu haianzi. Hapo kijana mwenye haraka anafuta vyote ili aanze upya. Maoni yetu ni haya: mara nyingi kule kufuta ndiko kunakoleta hasara, si kuran. Na kosa si la kijana peke yake. Ni la wale waliomletea mashine bila kumwachia ujuzi.

Tueleze kinachotokea. Programu nyingi za seva siku hizi zinafungwa ndani ya kontena, namna iliyoenezwa na Docker tangu mwaka wa 2013. Ni kama mzigo uliofungwa Goma pamoja na vyote unavyohitaji: ukifunguliwa Nyabiondo ama Pinga, unafanya kazi vilevile. Mzigo huo mafundi wanauita imaji. Kontena ni ile imaji ikiwa kazini. Data, yaani majina, alama na maandishi ya watu, inapaswa kukaa pembeni, katika volumu. Kontena linaweza kufa na volumu ikabaki nzima. Anayejua tofauti hiyo hafuti ovyo.

Tena, kontena halifi kimya. Amri ya docker ps -a inaonyesha makontena yote, hata yaliyosimama, pamoja na namba ya kufa kwake. Namba 137 ina maana kwamba liliuawa kwa nguvu, mara nyingi kwa sababu memori ya mashine haikutosha. Amri ya docker logs, ikifuatwa na jina la kontena, inatoa maneno yake ya mwisho. Amri ya df -h inaonyesha kama diski imejaa. Ukisoma « address already in use », programu mbili zinagombania mlango mmoja. Ukisoma « exec format error », imaji ilitengenezwa kwa aina nyingine ya mashine: ya laptop imepelekwa kwenye Raspberry Pi.

Sababu nyingine zinatokana na kuran yetu yenyewe. Kuran ikirudi, kontena linaweza kuanza kabla diski ya nje haijatambuliwa. Linakuta folda tupu, na watu wanalia kwamba data imepotea, kumbe diski imechelewa tu. Raspberry Pi nyingi hazina batri ya saa: zikizimika na intaneti haipo, tarehe inabaki nyuma, na kurasa zenye ulinzi zinakataa kufunguka. Batri ya jua iliyochoka nayo inaangusha mashine katikati ya kuandika.

Huko Paris, aliyefuta imaji anaipakua tena kwa dakika chache. Huku, megabaiti mia kadhaa ni safari. Walikale peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 23 000. Na barabara si za kutegemea: M23 iliingia Masisi-centre mwezi wa kwanza 2025, ikaingia Walikale-centre mwezi wa tatu, ikatoka huko mwanzoni mwa mwezi wa nne. Katika siku kama hizo, nani atamwambia fundi apande pikipiki kwa sababu ya kontena?

Kwa hiyo tunaomba kila anayeweka seva, liwe shirika, kanisa, shule ama mtoto wa kijiji aliyefaulu mjini, aache vitu vitatu. Kwanza, kitufe cha USB chenye imaji zote zilizotolewa kwa docker save, ili zirudishwe kwa docker load bila intaneti. Pili, nakala ya data mahali pengine, iliyofungwa kwa neno la siri ikiwa ina majina ya wagonjwa ama wanafunzi. Tatu, karatasi moja ya Kiswahili iliyobandikwa ukutani: amri za kusoma, na amri za kuogopa. Ya kuogopa kuliko zote ni docker compose down -v. Ile herufi moja ya mwisho inafuta volumu. Na wafundishwe watu wawili, si mmoja, kwani mmoja anaweza kukimbia vita.

Kuna watakaouliza: watu wasio na usalama wala chakula, kontena litawafaa nini? Swali ni la haki. Usalama ndio wa kwanza, na hakuna mashine inayouleta. Lakini shule ikichomwa, vitabu vyake haviokoki. Seva ndogo inaingia katika mkoba wa mwalimu, na masomo yanaweza kuendelea mahali watu walipokimbilia. Itakuwa aibu ivuke mapigano yote, kisha ife kwa amri moja iliyoandikwa na mtu ambaye hakuna aliyemfundisha.

Mwalimu, kijana fundi: siku seva itakapokataa kuanza, piga picha ya maneno yaliyo kwenye skrini, soma, uliza. Kufuta kuwe kwa mwisho kabisa, na nakala iwe tayari mkononi.